Kiwanja kikifungwa, mbio huhamia wapi?

Hotuba mbele ya mafundi wa garaji, manseba (madereva wa pikipiki za abiria), wanafunzi wa mekaniki na wazazi wao, Lubumbashi

Mapapa na mamama, wakubwa zangu wa garaji, ndugu manseba mlioacha kazi mchana huu mkaja, na ninyi wanafunzi mliovaa ovaroli ambazo bado hazijaonja grisi: jambo yenu.

Nimeombwa niseme juu ya usalama barabarani. Hotuba za namna hiyo tunazijua. Mtu anasimama, anasoma vifungu vya sheria, tunapiga makofi, halafu tunatoka nje na kila mmoja anapakia abiria wawili kwenye pikipiki moja, kofia hakuna. Leo naomba ruhusa nipite njia nyingine. Nitawazungumzia kiwanja cha mbio kilichofungwa, tena mbali sana na hapa, kisha mtaniambia kama habari yake haituhusu.

Kiliitwa Bandimere Speedway. Kilikuwa Morrison, jimbo la Colorado, Marekani, nje kidogo ya jiji la Denver, pale ambapo tambarare inaishia na milima inaanza. Kilifunguliwa mwaka 1958 na familia ya Bandimere, watu wa ufundi wa magari kama sisi, na kikafungwa msimu wa 2023 ulipomalizika. Miaka 65 mikononi mwa familia moja. Vijana, wengi wenu mmekiona bila kujua jina lake. Zile video mnazotumiana kwenye WhatsApp, gari jembamba refu linatema moto pande zote mbili na nyuma yake kuna mlima umejaa watu, nyingine zimepigwa pale.

Kwa wazazi ambao hawajaziona, mchezo wenyewe unaitwa dragi. Magari mawili yanasimama bega kwa bega. Mbele yao kuna lami iliyonyooka, mita 402, yaani robo ya maili ya Kimarekani. Taa ya kijani ikiwaka yanaondoka, na anayetangulia kufika ameshinda. Hakuna kona. Mtu aliyezoea habari za Safari Rally ya Kenya, na vumbi lake na matope yake, atauliza: ni hayo tu? Ndiyo, ni hayo tu. Ila gari la daraja la juu kabisa, Top Fuel, lina nguvu za farasi zaidi ya 10,000. Halinywi esansi, yaani petroli, linakunywa nitromethane, ambayo inabeba oksijeni ndani yake, kwa hiyo injini inaweza kuchoma nyingi mno kwa hewa kidogo. Linapita kilomita 500 kwa saa kabla hujamaliza kuhesabu hadi nne. Freni peke yake hazitoshi kulisimamisha. Linafungua parashuti mbili nyuma.

Sasa mekaniki nisikilizeni. Bandimere ilikuwa juu, karibu mita 1,770 kutoka usawa wa bahari. Hapa Lubumbashi tuko kwenye mita 1,200 na kitu. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini inakula hewa kwanza, esansi baadaye. Hesabu ya haraka ni hii: injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mteja anakuja garajini na hasira. Gari hili, anasema, nilipolichukua Dar es Salaam lilikuwa linavuta, limefika hapa limekuwa zembe, nani amenibadilishia injini? Anatutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyembadilishia kitu, papa. Nguvu zake zimebaki baharini, na huwezi kwenda kuzidai. Ukiongeza filta iliyojaa vumbi la Kasumbalesa na bugi, yaani plagi, zilizochoka, basi hiyo ni hasara juu ya hasara, na hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Colorado jambo hilo lilikuwa mtihani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mabingwa walikuwa wakipanda pale kila mwaka, na fundi aliyezoea kushinda kwenye viwanja vya pwani alijikuta anaanza upya: kiasi cha mafuta, mwendo wa supachaja inayosukuma hewa ndani ya injini, klachi, yote. NHRA, chama kinachosimamia mbio hizo, kina jedwali la kurekebisha muda kwa viwanja vya juu, ili mtu wa mlimani asionekane mzembe mbele ya mtu wa pwani. Na kwa kuwa jua la pale lilikuwa linachemsha lami mpaka matairi yanakosa pa kushika, wenye kiwanja walipitisha mabomba ya maji baridi chini ya sehemu ya kuondokea. Ninarudia kwa wale wa nyuma: maji baridi, chini ya lami. Anayesema ufundi wa magari ni kazi ya walioshindwa shule aende akafikirie hilo.

Kwa nini Wamarekani walijenga viwanja hivyo tangu mwanzo? Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Vita vya 1939 hadi 1945 vilipoisha, vijana wengi walirudi kutoka jeshini mikono yao inajua injini na mifuko yao haina kitu. California walinunua Ford chakavu, wakang'oa madigadi ili kupunguza uzito, wakachonga silinda, wakashindana. Kwanza kwenye maziwa yaliyokauka, mbali na watu. Halafu mjini, usiku, kutoka taa moja ya barabarani hadi nyingine. Wakafa, wakaua. Magazeti yakapiga kelele, wakubwa wakataka wakamatwe wote.

Mwaka 1950, huko Santa Ana, mtu mmoja aitwaye C. J. Hart na wenzake walifanya jambo la akili. Walikodi njia ya ndege, wakasema: njooni mkimbie hapa, lipeni kidogo, mchana, watu wakiona. Mwaka uliofuata Wally Parks akaanzisha NHRA, na nia yake ilikuwa wazi, kuwatoa vijana barabarani na kuwapa sheria. Mwaka 1954 chama hicho kilituma kikosi kidogo na trela, kikaitwa Drag Safari, kizunguke mji kwa mji kikionyesha namna ya kuandaa mbio salama. Na aliyekiongoza alikuwa amewahi kuwa polisi. Ningependa wakubwa wa rulaji, polisi wa barabarani, kama wapo ukumbini, wasikie hilo. Polisi hakwenda kutoza amende, yaani faini. Alikwenda kupima urefu wa lami.

Mwaka 1955 vikafuata vilabu vya Lions vya eneo la Long Beach. Ninyi mnawajua Lions kwa miwani ya bure na upasuaji wa macho. Hao hao, wenye suti, walifungua kiwanja cha dragi Wilmington karibu na bandari, kwa sababu walikuwa wamechoka kuzika watoto wa majirani. Meneja alikuwa Mickey Thompson, ambaye jina lake baadaye lilikuja kuwa kubwa kwenye mbio. Kiwanja kile kilikuwa usawa wa bahari, hewa nzito, injini zinafurahi, na rekodi zilivunjwa pale mpaka kikawa na sifa nchi nzima.

Kwa hiyo mkisikia kiwanja cha dragi kimefungwa, msidhani ni kama sinema iliyofungwa. Kimefungwa kitu ambacho kilijengwa ili barabara ipumue.

Nisimulie siku moja ya kawaida kwenye kiwanja cha dragi, siyo siku ya mabingwa, siku ya watu kama sisi. Unafika na gari lako, lile lile linalopeleka watoto shule. Kabla halijagusa lami linakaguliwa. Betri imefungwa au inacheza? Kuna oili inayovuja? Matairi yamebakiza nini? Mkanda wa kiti unashika? Kofia iko wapi? Magari ya kasi zaidi lazima yawe na vyuma vya kulinda paa, na yanayozidi hapo dereva avae nguo zisizoshika moto. Ukivuja unarudishwa, hata kama umeshalipa, hata kama baba yako ni nani. Kwetu, kontroli teknike, ukaguzi wa magari, mara nyingi ni karatasi ya kutafuta. Pale ni mtu amepiga magoti na tochi chini ya gari lako.

Halafu unaingia kwenye mstari. Zamani alikuwepo mtu na bendera, lakini tangu 1963 kuna mlingoti wa taa. Unasogea taratibu, mwale wa mwanga unakatwa na tairi la mbele, taa ndogo za juu zinawaka: umekaa sawa. Mwenzako naye. Kisha njano, njano, njano, kijani, nusu sekunde kati ya moja na nyingine. Ukiondoka mapema, nyekundu inawaka upande wako na umetoka. Hakuna wa kumbembeleza. Hakuna kusema mwenzangu ndiye aliyeanza.

Ukimaliza, unapunguza mwendo, unazunguka, unarudi polepole hadi kwenye kibanda, na mtu anakunyooshea kipande cha karatasi. Karatasi hiyo, wanafunzi, ndiyo sababu ya mimi kuwaongelesha leo. Imeandikwa muda uliochukua kuitikia taa. Muda wa mita 18 za kwanza. Muda wa mita 201. Muda wa mita 402. Mwendo uliofikia mwishoni. Fundi anaisoma akiwa amesimama. Mita 18 ni mbaya? Tazama matairi na klachi, au mfundishe dereva kuondoka. Mita 18 ni nzuri lakini za mwisho ni mbaya? Injini inakosa pumzi huko juu: filta, pampu ya esansi, bugi, egizosi iliyoziba. Karatasi haina kiburi wala ndugu. Haijui kwamba umetumia dola ngapi kununua marimu ya kung'aa.

Na kuna namna moja ya kushindana pale ambayo mimi naipenda kuliko Top Fuel zote na moto wao. Kila dereva anaandika kwenye kioo cha gari muda ambao anaamini gari lake litafanya. Mmoja ana Corolla ya zamani, ameandika sekunde 18. Mwingine ana gari kali, ameandika 12. Corolla inaachiwa kwanza, sekunde 6 kamili mbele. Wote wawili wakifanya walichoandika, wanafika mwisho karibu pamoja, na aliyeitikia taa haraka zaidi anashinda. Mpaka hapo ni haki. Sasa sikieni utamu: ukitumia muda mfupi kuliko ule uliouandika, umeshindwa. Umeandika 18, ukafanya 17 na nusu, na mwenzako hakuvuka namba yake, toka. Ulificha.

Mnaona kilichotokea? Anayeshinda siyo mwenye pesa. Anayeshinda ni mtu anayelijua gari lake mpaka kwenye sehemu ya mia ya sekunde, anayejua kwamba leo kuna joto kwa hiyo litachelewa kidogo, kwamba tangi likiwa nusu linawahi kidogo. Vitz yenye usukani wa kulia, iliyokuja na meli kutoka Japani, inaweza kumtoa mwenye silinda nane. Sijui mchezo mwingine unaomlipa mtu kwa kusema ukweli juu ya mashine yake. Katika garaji zetu ukweli wa namna hiyo ni adimu, na hapa sitamtazama mtu usoni.

Linganisheni na bulivari zetu usiku, zikiisha kuwa tupu. Vijana wawili, pikipiki mbili za TVS au magari mawili ya wazazi. Nani ameshinda? Kila mmoja. Huyu anasema nilikutangulia kwenye ile nguzo ya umeme, yule anasema niliachia kwa sababu ya shimo, wa tatu anasema nilikuwa na abiria. Hakuna aliyepima. Kwa hiyo kesho lazima warudie, na kesho wataongeza kidogo. Ubishi usio na saa haumaliziki, unapanda. Ndivyo tunavyowapoteza. Siyo kwa sababu wanapenda vitesi, yaani mwendo wa kasi. Vitesi watu wa umri wao wameipenda tangu kulipokuwa na farasi. Tunawapoteza kwa sababu hakuna karatasi inayowaambia: basi, huyu amekuzidi, nenda katengeneze gari lako.

Mabinti zetu walioketi hapa mbele, najua kuna mtu amekwisha kuwaambia kwamba injini si ya mwanamke. Mwanamke mmoja Mmarekani, Shirley Muldowney, aliambiwa hivyo hivyo. Mwaka 1973 akawa mwanamke wa kwanza kupewa leseni ya NHRA ya kuendesha Top Fuel. Mwaka 1977 akawa bingwa. Waliosema amebahatisha wakanyamaza 1980 alipokuwa bingwa tena, na 1982 akarudia. Taa ikiwa kijani haiulizi aliyeketi ndani ni nani.

Msifikiri ninawauzia pepo. Viwanja hivyo vimeua. Sisi tuna kumbukumbu fupi, lakini watu wa dragi wana kumbukumbu ndefu, na ngoja niwape mifano miwili.

Mwezi wa tatu 1970, kwenye kiwanja kile cha Lions, dereva Don Garlits alikuwa anaondoka. Wakati ule dereva wa gari refu alikuwa anaketi nyuma kabisa, injini iko mbele yake, giaboksi iko kati ya miguu yake. Giaboksi ililipuka. Ilikata gari vipande viwili na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Akiwa anauguza mguu, Garlits alichora gari jipya: injini nyuma, dereva mbele, ili kikilipuka kitu kilipukie upande wa pili. Wengine walikuwa wamejaribu wakashindwa, gari linayumba. Yeye na mafundi wake walikaa na usukani mpaka wakapata uwiano wake, na mwaka 1971 akaanza kushinda nalo. Baada ya muda mfupi hakuna aliyetaka kuketi nyuma ya injini tena. Magari yote ya Top Fuel mnayoyaona leo kwenye simu zenu yamefuata njia hiyo.

Mfano wa pili ni wa 2008. Englishtown, New Jersey, dereva Scott Kalitta alikufa. Injini ililipuka, gari halikusimama, likapita mwisho wa lami. Kabla mwezi haujatimia, NHRA ilikata urefu wa mbio kwa madaraja mawili ya kasi kubwa, kutoka mita 402 hadi mita 305, ili iongezeke nafasi ya kusimama. Mpaka leo haijarudishwa kwao.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka muibebe. Kwenye kiwanja, mtu akifa, sheria inabadilika, na anayefuata anaketi mahali salama zaidi. Barabarani kijana akifa, kinachobadilika ni nyumba moja tu. Matanga yanafanyika, wiki ijayo wenzake wako pale pale, kwenye lami ile ile, na freni zile zile.

Turudi kwenye kufungwa. Kiwanja cha Lions kilifungwa tarehe 2 mwezi wa 12 mwaka 1972, usiku, watu wamefurika. Majirani walikuwa wamechoka na kelele, na bandari ilikuwa inataka ardhi. Leo mahali pale panapita treni na makontena. Kilichofuata ni kile kile kwingine. Englishtown, iliyoanza 1965, iliacha dragi mwaka 2018. Atlanta Dragway, ya 1975, ilifungwa 2021. Houston, ya 1988, ilifungwa 2023, mwaka mmoja na Bandimere. Hakuna hata kimoja kilichofungwa kwa sababu watu waliacha kupenda magari. Bandimere ilijengwa mahali ambapo hakuna aliyekuwa anapataka. Jiji likaja lenyewe, nyumba kwa nyumba, barabara kuu ikapita mlangoni, mpaka kiwanja hakina pa kupanuka hata kwa ajili ya kuegesha magari. Ardhi ikawa na thamani kuliko kitu chochote kinachoweza kufanyika juu yake.

Sitawatukana majirani. Anayeishi jirani na baa katika komini ya Kenya, hapa hapa mjini, anajua maana ya kukosa usingizi, na gari moja la Top Fuel linazidi baa zote za Kenya zikifunguliwa pamoja. Mtu ana haki ya kulala. Lakini naona kuna hesabu moja hawakuimaliza. Kiwanja cha Denver kikifungwa, mwenye uwezo anapakia gari kwenye trela na kwenda Pueblo, ambako bado kuna lami ya dragi, zaidi ya kilomita 150 kusini. Mwenye gari moja, lile analokwendea kazini, hana trela. Likivunjika Pueblo atarudije? Huyo ndiye aliyejengewa kiwanja tangu mwanzo, tangu Santa Ana, na huyo ndiye wa kwanza kukikosa.

Na sisi? Sisi hatukufungiwa kitu, kwa sababu hatukufunguliwa. Lakini tunaujua mchezo wa ardhi. Kila mtu hapa anaweza kunitajia kiwanja cha mpira cha mtaa wake ambacho leo ni lupango ya mtu, ukuta na geti la chuma, na watoto wanacheza kati ya matekisi. Mji unakwenda Kasapa, unakwenda Golf, unakwenda Luano. Mahali tambarare palipobaki leo, keshokutwa pana mawe ya mpaka.

Mama mmoja alinishika mkono mlangoni kabla sijaingia. Akaniuliza, papa, ni kweli unakuja kuwafundisha watoto wetu vitesi? Mama, vitesi tayari wanayo. Walipewa siku waliponunuliwa pikipiki. Ninachotaka kuwafundisha ni freni, na freni hazifundishiki kwa mdomo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukamata freni unaongezeka mara nne. Kwenye lami kavu na freni nzima, kutoka kilomita 50 kwa saa utahitaji kama mita 14. Kutoka 100, zaidi ya mita 50. Nikimwambia hivyo manseba atanijibu "ndiyo papa" na kuondoka. Nikimweka kwenye lami tupu, nikampangia matofali, akakamata freni akiamini atasimama kwenye tofali la kwanza, akajikuta amepita la tatu, hatanijibu kitu. Atashuka na kutazama plaketi zake za freni.

Kwa hiyo siombi Bandimere. Siombi mlima wa mashabiki wala maji baridi chini ya lami. Kwa pikipiki ya 125 na magari yetu haya, mita 201 zinatosha kabisa kukimbia, na nyuma yake nafasi ya kusimama iliyo ndefu kuliko ya kukimbilia. Tuseme mita 600 za lami iliyonyooka, Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, kelele zisimsumbue mgonjwa. Ziko barabara za viwanda ambazo Jumapili hazina hata lori moja. Bwana burugumesta, mkuu wa komini, yuko nasi, ninamtazama, na yeye ananitazama, asante. Saa haiwezi kutushinda. Wanafunzi wa elektroniki wanaweza kutengeneza miale miwili ya mwanga, mmoja mwanzo na mmoja mwisho, na kisanduku cha kuhesabu. Ambulansi lazima iwepo, hilo halina mjadala, bila ambulansi hatuwashi injini. Na ukaguzi tutafanya sisi mafundi, kwa magoti yetu, na mtoto wa fundi akivuja oili atarudishwa kabla ya wote. Fundi atakayepitisha pikipiki ya shemeji yake isiyo na freni ya nyuma, huyo nitamtaja kwa jina mbele ya wateja wake.

Mbio zenyewe ningeanza na zile za kuandika muda kwenye kioo. Manseba mwenye pikipiki ya miaka kumi apate nafasi ya kumshinda mtoto wa tajiri kwa kuijua pikipiki yake. Hiyo mtaizungumza mtaani kuliko ajali yoyote.

Mwenyekiti ananionyesha saa yake, na pale nyuma kuna kijana amenyoosha mkono tangu nilipotaja nitromethane. Najua anachotaka kuuliza. Jibu ni hapana, haiingii kwenye TVS, na usijaribu kuitafuta. Wengine, leteni maswali.